Pale Matawi Yanapoachana

Lodwar, Agosti 2013

Mama,

Huu ni mwezi wa nane tangu nitoke Bungoma, wiki ile ile tuliyokuzika. Huku ni jua na upepo wa mchanga. Watu ni wema, ila jioni wanaongea Kiturkana chao, nami nikishasema ejok, salamu yangu moja, maneno yameniishia.

Kazi yangu ni kushika mbuzi na kubeba sanduku la barafu. Tunatoa damu ya mbuzi wa wafugaji, toka Kakuma hadi karibu na Lokichoggio, halafu Daktari Akiru, binti wa hapa hapa, anatafuta ukoo wa mbuzi hao kwa kompyuta. Anasema ndani ya damu kuna maandishi ya herufi nne tu, ambayo mama humwachia mtoto. Katika kunakiliwa, herufi moja moja hukosewa. Kompyuta inalinganisha makosa hayo, inajua nani ni ndugu wa nani. Nilikukumbuka. Wewe ulikuwa unainua mtoto wa mbuzi, unamtazama, unasema, "Masikio haya ni ya yule aliyeliwa na fisi."

Juzi alinionyesha mti wa ukoo kwenye kioo cha kompyuta. Nikamwambia, "Daktari, mti wako umeanguka," maana ulilala ubavu. Alicheka mpaka akafuta macho. "Wafula, wewe shika mbuzi tu." Kwenye ncha za matawi kulikuwa na majina ya mbuzi tuliowatoa damu. Pale matawi yanapoachana hapakuandikwa kitu. Nikauliza hapo ni nani.

"Hao walikufa zamani. Hakuna mtu aliwaona. Tunawajua kwa watoto wao."

Nilienda kuosha sanduku ambalo lilikuwa safi.

Mama, mke wangu Nekesa alijifungua msichana mwezi wa tano. Nyumbani wanasubiri nimpe jina lako, na kila wakipiga simu nasema mtandao ni mbaya. Niliona nikimwita Nasimiyu mwingine, wewe ndio umeenda kabisa. Basi wanamwita Mtoto tu. Nekesa anasema ana kidole gumba chako, kile kilichopinda.

Leo nimepiga mwenyewe. Nimemwambia mtandao ni mzuri.

Lakini jina sijalitaja kwa simu. Nitalisema hapo ulipolala, nikiwa nimemshika mtoto, mlisikie wote wawili.

Pumzika, Mama. Kazi inaisha Novemba. Wiki ya kwanza ya Desemba niko nyumbani.

Wafula wako