Mashine ya Maji Haizungumzwi Mezani

Botini, 4 Februari

Shangazi yangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, goti limetulia na usingizi unakuja bila kubembelezwa. Mimi sijambo ukiacha mgongo, na huo mgongo ndio ulioniketisha kuandika.

Najua tumeonana jana tu na tumekula pamoja. Ningekuambia palepale, lakini sheria ya nyumba yako naiheshimu: mambo ya boti hayasemwi mezani, yanaandikwa. Tangu ile siku wewe na marehemu mumeo mlipogombania rangi ya tanga mpaka chakula kikapoa na nyote mkalala njaa, hakuna aliyethubutu. Basi naandika.

Shangazi, tununue mashine ya kutengeneza maji. Inavuta maji ya bahari, inayasukuma kwa nguvu kwenye utando mwembamba sana, chumvi inarudi ilikotoka na maji matamu yanaingia tangini. Boti za kukodisha pale gatini zinafungiwa mashine hii moja baada ya nyingine. Sisi tumebaki na tangi na madumu.

Safari hii wageni niliwapa ile hotuba yako ya maji neno kwa neno: jipake sabuni bomba likiwa limefungwa, fungua, jimwagie, funga, toka. Wakaitikia vizuri kabisa. Kisha mama mmoja mwenye nywele za kufika kiunoni akaingia bafuni, tukamsikia anaanza wimbo, anaumaliza, anaanza mwingine. Mumewe ni daktari wa meno. Yeye alisuuza miwani yake ya kuogelea, akasuuza viatu vyake, kisha kwa upendo akasuuza na vya mkewe. Siku ya pili jioni pampu ikaanza kukwama. Tulikuwa tumetia nanga mahali ambapo kasa wanapita chini ya boti, na ilibidi niing'oe turudi kwako kuchota maji. Wageni walininunia njia nzima.

Madumu kutoka bombani kwako hadi botini tunabeba mimi na Mpishi. Mpishi siku hizi akiona dumu tu, anapatwa na kikohozi. Lifikirie hilo, Shangazi.

Mwanao,
Nahodha


Nyumbani, 7 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Goti linakusalimu. Usingizi ulikuja, ukaikuta barua yako, ukaenda zake.

Jibu ni hapana. Nisije nikaambiwa nimekataa kwa ukaidi, ingawa ukaidi ninao na nimeutunza vizuri, nitakueleza. Mtu anakodi boti ya matanga ili asikie kimya. Hiyo mashine yako inataka umeme, umeme utataka jenereta, na jenereta ikishaanza kunguruma utakuwa umewaweka watu kwenye gereji inayoelea. Halafu ikiharibika huko katikati? Tangi haliharibiki. Sijawahi kusikia fundi ameitwa kwa sababu tangi limeshindwa kuwa tangi. Tena mtu akijua maji hayaishi, kinachoisha ni adabu. Huyo mwenye nywele leo anaimba peke yake. Mpe mashine, ataleta kwaya.

Hayo yote ni kweli, lakini yamekuja kulisindikiza hili, na hili sitaki kulizunguka. Boti ikijitengenezea maji, wewe utarudi nyumbani kufanya nini? Nguo mnafua huko, chakula anacho Mpishi. Kinachokuleta kwangu kila baada ya siku chache ni bomba langu. Kaka yangu alipofariki nilikuchukua ukiwa huwezi kufunga kamba za viatu, na leo nyumba hii ina vyumba ambavyo nafungua madirisha yake ili tu nionekane nina kazi. Sitaki kula peke yangu. Ndiyo hivyo, nimesema.

Barua hii naiweka chini ya sahani yako. Ukimaliza kula, ichukue ukaisomee nje.

Shangazi yako,
mwenye boti


Botini, 9 Februari

Shangazi,

Shikamoo. Hujambo? Goti je? Mpishi anauliza hali yako na kikohozi chake hakijambo pia.

Umenitia simanzi. Nikuapie kwa lipi uniamini? Maji yawepo yasiwepo, nitakuja. Mimi si ndoo, kwamba naletwa na bomba. Kuhusu kelele, fundi anasema inatosha umeme wa jua, na sauti yake ni ya mtu anayekoroma chumba cha pili.

Naomba kitu kimoja. Umekuwa mwenye boti miaka yote hii na hujalala humo hata mara moja. Njoo safari ijayo, nafasi ipo. Ukirudi bado unasema hapana, sitalitaja tena.

Mwanao


Nyumbani, 10 Februari

Mwanangu,

Marahaba. Sina haja ya kuulizwa hali, utaiona mwenyewe. Nakuja. Nakuja na ndoo yangu. Nataka hao wageni waone kwa macho yao mtu mzima anaoga, anatakata na maji yanabaki.

Shangazi yako


Nyumbani, 17 Februari

Mwanangu,

Salamu nyingi. Natumaini mmefika salama huko mlikorudi na kwamba Mpishi ameacha kucheka.

Nakuandikia kwa sababu pale gatini niliondoka haraka. Kwa ndoo yangu nilioga, na wageni wote walishuhudia nikitoka nimetakata na maji yamebaki. Hilo hakuna wa kuninyang'anya. Hata wakanipigia makofi, na nadhani makofi ndiyo yaliyonilevya. Maana asubuhi yake, nyie mlipokwenda kuogelea, niliketi pale nyuma nikaona chumvi. Chumvi kwenye vioo, kwenye kamba, kwenye viti, mikono inanata kila unaposhika, boti utadhani haina mwenyewe. Sikuweza kuvumilia. Nikaanza na kiti kimoja tu.

Mliporudi sitaha ilikuwa inang'aa, masufuria yote yameoshwa upya, na tangi lilikuwa limekauka. Ulitazama tangi, ukanitazama mimi, ukaenda kung'oa nanga. Ungefoka ningejua la kujibu. Na wageni walivyoninunia wakati tunarudi kuchota maji, yale makofi yote sijui yaliishia wapi.

Nunua hiyo mashine.

Shangazi yako


Botini, 14 Machi

Shangazi mpenzi,

Shikamoo, shikamoo tena. Natumaini u mzima. Sisi tu wazima na tu wasafi kupita kiasi.

Mashine imefungwa. Fundi alishinda humo siku nzima amejikunja chini ya kitanda, akatoka na maji kwenye bilauri, akanipa ninywe. Matamu. Nilimpa na Mpishi, akanywa, akaliangalia dumu lililokuwa pembeni, akalipiga teke. Wageni wanaoga, wanasuuza wanachotaka, na tumekaa kule kwa kasa mpaka wamechoka kuwaona kasa. Mmoja amesema hajawahi kupumzika hivi maishani.

Nisamehe kwa kutokuja kula Jumatano. Nilikusudia kuja. Wageni hawa wameunganisha safari yao na ya wengine, na tulikuwa mbali.

Mwanao


Nyumbani, 27 Machi

Mwanangu,

Marahaba. Nimefurahi mashine inafanya kazi. Goti lipo. Mimi nipo.

Uliomba radhi kwa Jumatano, lakini hukusema Jumatano ipi, na sasa zimekuwa kadhaa. Sikulaumu. Kazi ni kazi na boti ni yangu, nitalalamika kwa nani? Ila nikueleze, juzi nimevunja sheria. Nilikaa mezani nikazungumza mambo ya boti kwa sauti kubwa tangu mwanzo wa chakula hadi mwisho. Hakuna aliyenikataza. Nilikuwa na hoja nzuri sana na zote nilishinda.

Bombani kwangu, upande wa madumu yenu, pameota majani. Nimekukumbuka, mwanangu, na sioni haya kuliandika hilo.

Shangazi yako


Botini, 3 Aprili

Shangazi,

Shikamoo. Barua yako niliisoma nikaikunja, nikaifungua tena. Nitakuja kesho. Na sababu ipo, tena ni ya msiba: mashine imekufa.

Fundi amekuja kuipasua na ameniuliza nimeisafisha kwa maji gani. Kumbe kila baada ya kazi inatakiwa isuuzwe kwa maji matamu. Kule chini kwenye tangi la akiba yalikuwa yamebaki maji ya bombani kwako, yale unayoyatia dawa ya kuua vijidudu. Na wewe Shangazi dawa hupimi, unaimimina mpaka moyo uridhike. Fundi alinusa dumu, machozi yakamtoka. Anasema dawa ile inautafuna ule utando, na kwa kipimo chako ingetafuna na bomba lenyewe. Amezika mashine nyingi zilizoharibiwa na mafuta na matope. Yangu ndiyo ya kwanza kuuawa na usafi.

Utando mpya umeagizwa kutoka mbali. Mpaka ufike, ni madumu kama zamani. Mpishi amelala hataki kuongea na mtu.

Mwanao


Nyumbani, 5 Aprili

Mwanangu,

Marahaba, na pole sana kwa msiba. Nimesikitika mno. Nilisikitika jana yote huku napika, na leo nimesikitika wakati nafyeka majani bombani.

Kipimo cha dawa ni kilekile alichotumia mama yangu na sote tumekua. Lakini nitapunguza.

Huo utando usiharakishwe. Vitu vya haraka huja vibovu.

Shangazi yako


Botini, 20 Mei

Shangazi,

Shikamoo. Tumeonana jana na juzi kwa hiyo hali yako naijua. Chakula kilikuwa kizuri.

Utando bado. Mara ya kwanza ulikuja wa saizi nyingine. Mara ya pili meli ilichelewa. Sasa wanasema kuna karatasi haijagongwa muhuri, na mwenye muhuri yuko likizo. Tutavumilia. Jumamosi nitakuja na madumu.

Mwanao


Nyumbani, 8 Juni

Mwanangu,

Natumaini u mzima. Mgongo unasemaje? Nauliza kweli safari hii.

Jana koki ya jikoni ilivuja, nikamwita fundi, yuleyule wa mashine yenu. Kwa adabu tu nikampa pole ya ule utando unaosumbua kufika. Akanitazama kama niliyemwita kwa jina la mtu mwingine. Anasema utando ulifika haraka sana, aliufunga mwenyewe mwezi wa nne kabla haujaisha, na wewe ulikunywa bilauri mbili mbele yake. Nilimwuliza mara ya pili, nikitumaini amechanganya boti. Hakuchanganya.

Nikamwita Mpishi alipopita gatini. Nilimwuliza maji yangu mnayapeleka wapi. Alianza kukohoa, nikamwambia mimi ndiye mwenye boti. Amesema mashine haithubutu kuyagusa, hivyo mnaoshea sitaha, na sitaha haijawahi kung'aa namna hii.

Basi wewe, na mgongo huo, umekuwa ukibeba madumu kutoka bombani kwangu hadi gatini, wiki baada ya wiki, na tangi likiwa limejaa. Nimekaa nayo siku nzima nikitafuta kukasirika. Nilianza kucheka kabla sijaipata hasira, halafu nikalia kidogo. Nataka unieleze kitu kimoja tu: kwa nini hukuja tu?

Shangazi yako


Botini, 10 Juni

Shangazi,

Shikamoo. Mpishi nimeshamwona na hana uso wa kunitazama.

Sikuja tu kwa sababu siwezi. Mtu ameikodi boti yote, amenilipa nimpeleke mbali, nitamwambiaje tung'oe nanga tugeuze nikale kwa shangazi yangu? Nahodha gani huyo? Lakini nikisema maji yamekwisha, hakuna anayebisha. Wananuna, wanageuka. Mwezi wa tatu maji yalikuwa tele, na kila Jumatano nilitafuta sababu yenye heshima nikaikosa. Nilikuapia kwamba mimi si ndoo, kumbe bila ndoo sina pa kushikia. Utando ulipoharibika nilimlilia fundi kama mfiwa, na moyoni nilikuwa nimeshafika mlangoni kwako.

Kama unataka mashine ing'olewe, nitaing'oa. Tangi na madumu yatatutosha sisi.

Mwanao


Nyumbani, 11 Juni

Mwanangu,

Mashine haing'olewi. Boti ya kukodisha bila mashine ya maji siku hizi ni kuwatesa watu, na atakayebisha aje nimwoneshe lile tangi nililolikausha kwa mikono yangu miwili.

Sasa nasema kama mwenye boti, na hili hulijibu, unalitii. Kuanzia leo, kila anayekodi aambiwe kabla hajapanda: maji yapo tele, oga, imba, suuza viatu, na kila Jumatano mchana boti inarudi gatini kwa sababu Nahodha anakula kwao. Asiyetaka akodi kwa wengine. Anayetaka, ashuke naye, akaribie.

Madumu nimempa jirani apandie miche. Njoo mikono mitupu, na daktari wako wa meno, na wenye nywele. Nimeshaongeza viti.

Shangazi yako