Onyo Jekundu Ulilolizima

Baba Zena,

Chai iko kwenye chupa, maharage yapashe moto. ~~Zena aende sokoni akalete dagaa.~~ Zena asitoke leo. Kompyuta ya dukani usiiwashe, nimechomoa waya.

Kila umeme ukikatika, tarehe ya kompyuta inarudi nyuma na onyo jekundu la "ukurasa huu si salama" linajaa kwenye kioo, hata kwa kurasa nzuri. Ilitosha kurekebisha tarehe. Wewe ukazima maonyo yote, eti yanatisha wateja. Hongera, fundi!

Ulipokuwa msikitini alipiga mzee Ntabaliba wa Heru Juu, yule uliyemwombea mwanawe nafasi ya chuo mtandaoni. Kuna mtu kampigia. Ana picha ya kijana, anajua shule aliyosoma, hata jina la mama yake. Anataka kijana aende stendi leo, peke yake. Kumbe ule ukurasa ulikuwa wa matapeli, na onyo ulishalinyamazisha.

Nawahi Heru Juu kwa bodaboda, kijana asitoke.

Zena akiuliza kwa nini nimemfungia ndani, mwambie mwenyewe. Naye ulimwombea siku ileile, kwenye ukurasa uleule. Simu yake inaita tangu umetoka. Namba ni ileile aliyonitajia mzee.

Mama Zena