Nassibu Mbele ya Darasa la Kwanza

Tunu, hutaamini kilichompata mume wangu leo.

Si unajua Nassibu alijitolea kuwa mjumbe wa kamati ya shule? Kwenye semina waliambiwa wakikwama wapige simu ofisi ya elimu wilayani, msaada upo. Sasa mwalimu pekee wa darasa la kwanza kahamishiwa Urambo. Nassibu kapiga simu.

Kajibiwa, "Mjumbe, msaada ndio ninyi kamati."

Ndio ninyi. Mume wangu fundi cherehani, Tunu.

Kaingia darasani, kaandika a, e, i, o, u. Wakaimba, herufi zikaisha. Watoto bado wanamtazama.

Kengele ilipolia, kabinti kamoja kakamshika mkono: "Mwalimu, kesho utakuja?"

Nassibu kasema ndiyo. Tunu, kasema ndiyo.

Sasa amekaa uani, chai imepoa, ananiuliza mimi, "Mama Rashidi, kesho nitawafundisha nini?"