Nilivyoeleza Almasi Siku ya Posa

Nehemia, nimeharibu. Ndiyo kwanza natoka kambi ya wakimbizi ya Nyarugusu kumposa Armelle, na niliongea. Mposaji mzima, niliongea, wakati wa kuongea ni mshenga!

Mshenga wetu Leonardi alitoa pete, akasema, "Hii ni almasi." Angeishia hapo. Mama yake Armelle akauliza, "Almasi ni kitu gani?" Leonardi akatazama paa. Na mimi hayo mambo nimeyasoma.

Nikamweleza taratibu: ni kaboni, ndugu yake mkaa, iliyobanwa kwenye joto kali chini ya ardhi, mbali kuliko Kigoma hadi Kasulu, kisha volkano ikaipandisha juu.

"Mkaa?" akasema. "Mimi nafuata kuni tangu alfajiri, wewe unaniletea mkaa usioivisha hata maharage?"

Wajomba zake Armelle walicheka hadi wakashika mbavu.

Mama akauliza tena, "Na hii nayo imetoka huko chini?" Leonardi akanikanyaga mguu. Nehemia, nikajibu! "Hapana, mama. Hii ni kioo, imetoka sokoni Mwanga."

Tukaombwa tusubiri nje.

Armelle ameniandikia sasa hivi: "Mama amekubali. Anasema mwanaume anayeshindwa kudanganya hata siku ya posa hataweza kuficha mke wa pili."