Mama Kumi na Wanne Kwenye Kompyuta

Bi Earline, naandikia safu yako ya ushauri kichwa kimenivurugika, naomba usinicheke. Mama yetu alifariki mimi nina miaka tisa na mdogo wangu Corinne hajatimiza hata mwaka, akatuachia kanda moja tu, anaimba peke yake kanisani kwetu hapa Houston, inaanza na kengele ya kanisa, watu wanakohoa, kisha yeye. Sasa Corinne anaolewa Jumamosi na anataka kuingia kanisani kwa wimbo huo, basi nikauhamishia kwenye kompyuta niusafishe, nikashangaa mbona mama anaimba mbiombio na sauti nyembamba kama ya mtoto, nikahisi redio iliyorekodi ilikuwa na betri zilizochoka, kanda ikawa inazunguka polepole, nikapunguza kasi kidogo, sauti ikashuka, nikalia, maana huyo ndiye aliyekuwa akiniita ndani nikale. Nikamwita Corinne asikilize. Akasikiliza hadi mwisho, akasema, "Lavelle, huyu mwanamke simjui. Nirudishie mama yangu."

Tangu hapo nimepunguza, nimeongeza, nimeshusha sauti bila kugusa kasi, nimegusa kasi bila kushusha sauti, nina mama kumi na wanne kwenye kompyuta na sasa hata mimi sijui yupi ni yupi. Jumamosi nimwimbishe yupi?

Lavelle, mtaa wa Third Ward

Lavelle, pole sana, lakini nawe umezidi. Mama kumi na wanne wa nini?

Umetaja kengele halafu ukaipita kama hujaona kitu, na kengele haibadiliki sauti kwa miaka. Kama bado iko pale pale, kesho mwombe mchungaji aipige mara moja, uirekodi kwa simu. Ukirudi nyumbani chukua kanda ilivyokuwa, shusha kasi na sauti kwa pamoja mpaka kengele ya kanda na ya simu zilie sawasawa, kisha usiguse tena. Huyo ndiye mama uliyemjua. Mhifadhi, wengine wote futa.

Ila Jumamosi usimwimbishe huyo. Wewe ulilelewa na mama miaka tisa, Corinne amelelewa na kanda. Amelala usingizi wa utoto kwa sauti hiyo nyembamba na hana nyingine. Ukimsahihishia siku ya arusi yake, utamfanya yatima mbele ya wageni. Piga kanda ilivyo, na vikohozi vyake.

Siku akikuomba mwenyewe amsikie yule wako, mkaangie kambare, mle, ndipo umsikilizishe. Asipoomba, nyamaza.