Jina Alilopewa Mjukuu Wako

Kitengela, Kajiado

Mama yangu mpendwa,

Pokea salamu zangu nyingi. Goti lako linaendeleaje? Na mbaazi, zimetoa maua? Sisi huku ni wazima, tena tuko wengi kuliko ulivyotuacha. Umepata mjukuu msichana, Mama.

Najua umeshtuka, maana miezi ilikuwa bado miwili. Uchungu ulinishika asubuhi, mvua inamwagika na mto umefurika, gari halipiti. Mume wangu alikuwa Namanga na lori la saruji, na nyaya za simu zilikuwa zimeanguka. Aliyenikuta ni kokoo, ndivyo tunavyomwita yule nyanya Mmasai anayetuuzia maziwa. Aliweka mtungi chini, akafunga mlango, akasema, "Shika mabega yangu. Usiogope." Ndiye aliyempokea mtoto.

Alikuwa mdogo kama kifaranga, hata kulia hakuweza. Kokoo alimsugua mgongo mpaka akalia, kisha akamweka kifuani pake, ndani ya shuka, ngozi kwa ngozi. Hakurudi kwake mpaka maji yalipopungua tukafika hospitali. Muda wote alikuwa akimwita, "Nasieku, Nasieku." Nikamuuliza maana yake.

"Ni yule aliyekuja mapema," akasema. "Huyu alikuwa na haraka ya kukuona."

Mama, nilifurahi, na bado moyo uliniuma. Kwetu msichana wa pili huitwa jina la mama wa mama yake, na huyu wa pili ni zamu yako. Alipaswa kuwa Mumbua, kama wewe. Hata mume wangu aliporudi aliniuliza, "Mama atasema nini, mjukuu wake akiitwa jina la Kimasai?" Basi nikamwambia kokoo ukweli, kwamba kwetu kuna jina linalongoja, la mtoto aliyezaliwa mvua ikinyesha. Alicheka mpaka akafuta machozi.

"Na ile iliyotufungia njia ilikuwa nini? Mpe yote mawili. Mama yako asinyimwe."

Sasa anaitwa Nasieku Mumbua. Anaongeza uzito, ananyonya kama ndama. Kokoo hupita kila asubuhi, humtemea mate kidogo ya baraka kwenye paji la uso, nami simpangusi. Nikikumbuka siku ile, nashindwa hata kumlipa kwa maneno.

Nisalimie Baba, kaka yangu Kioko wa dukani, na shangazi Kalekye aliyenifundisha kubeba mtoto mgongoni. Barabara ikikauka, njoo. Ukifika, muite kwanza Nasieku, kokoo asikie. Halafu muite Mumbua, nami nisikie.

Ni mimi binti yako, mwenye shukrani tele,
Mwende