Neno Alilosikia Fundi Seremala

MAELEZO YA SHAHIDI

Jina: kama lilivyo kwenye jalada. Mtaani anaitwa Mama Kitana.
Umri: miaka 43
Kazi: msusi
Makazi: chumba cha uani, nyumba ya fundi seremala, nyuma ya soko
Tarehe: 2 Julai

Mimi ndiye mwenye jina hilo hapo juu. Nimekuja kituoni kwa miguu yangu, sikuitwa wala kulazimishwa. Afande amenionya niseme kweli tupu nisifiche kitu. Nimemwambia asiwe na wasiwasi, mimi ugonjwa wangu ni kusema kupita kiasi, si kuficha.

Saluni yangu na ofisi ya tiketi za ndege ya mtuhumiwa ni chumba kimoja kilichogawanywa kwa ubao usiofika darini. Akipiga chafya kule, mimi huku namwambia afya. Sote tunamwita Binti Tiketi. Mlalamikaji ni baba yangu mdogo, ndiye aliyenilea tangu baba yangu mzazi alipokwenda kufanya kazi nje ya nchi. Nakaa kwake mpaka leo. Nampenda, na hakuna anayenilipa niseme kinyume chake.

Mwishoni mwa mwezi wa tano baba yangu mzazi alilazwa hospitali hukohuko aliko. Alinipigia simu, sauti imekwisha, akasema, "Mwambie mdogo wangu aje nimwone." Mimi sina pasipoti. Baba mdogo anayo, aliichukua mwaka juzi kwa safari ambayo haikuwa. Kwa hiyo wa kwenda alikuwa yeye tu.

Mnamo tarehe 4 Juni, asubuhi, baba mdogo alikuja kukata tiketi. Alikuwa ameona tangazo la ile kampuni mpya ya ndege, ile ya bei ya chini, ambayo ilikuwa haijamaliza hata miezi mitatu angani. Nilimshauri apande ile ya zamani hata kama inachelewa kila siku, zimwi likujualo halikuli likakwisha. Akacheka, akasema, "Wewe suka nywele, mwanangu, mambo ya angani tuachie wanaume." Haya. Nikarudi kwa mteja wangu.

Nilikuwa namkausha mteja kwa drayer. Drayer yangu ina kelele, sikatai. Lakini niliizima ili nimgeuze mteja kichwa, na hapo nikasikia kila kitu. Binti Tiketi alikuwa anamweleza habari za bima ya safari. Maneno yake ni haya: "Baba, bima nyingi zinalipa ukiugua au mzigo ukipotea, basi. Hii ina zaidi. Kampuni yenyewe bado changa, baba. Hata ikifa, hela yako inarudi."

Alisema IKIFA. Naomba afande aandike kwa herufi kubwa. Kampuni ikifa. Sote tunasema hivyo, simu imekufa, gari limekufa, duka la fulani limekufa.

Baba mdogo akasikia UKIFA.

Nieleze kidogo hapo. Baba mdogo sikio lake la kulia limeliwa na kelele za mashine ya randa. Nyumbani tunajua wote, ila hatumwambii, maana ukimwambia anasema wewe ndiye unayenong'ona kama mwizi. Tunazungukia tu upande wa kushoto, maisha yanaendelea. Binti Tiketi hakuwa na habari hiyo, na meza yake ilivyokaa, mteja akiketi anampa sikio la kulia.

Baba mdogo aligonga meza, kalamu zikaruka. Akasema, "Nikifa? Mimi naenda kumwona mgonjwa, wewe unaniuzia kifo? Unanichuria, binti!" Binti wa watu akajitetea, "Sijasema hivyo, baba, nimesema kampuni. Ni tahadhari tu kabla ya hatari." Lakini mtu akishasikia kifo hasikii kingine. Akasema anataka tiketi tupu, uchuro huo Mungu aupishe mbali. Niliingia kumtuliza, akaniuliza, "Na wewe umo?" Nikarudi kuwasha drayer. Tiketi ikakatwa bila bima.

Mnamo tarehe 18 Juni nilimsindikiza uwanja wa ndege. Alivaa koti lake la harusi, limembana kweli kweli, na mkononi ana fimbo ya kutembelea aliyomchongea kaka yake, ili akitoka hospitali awe na cha kuegemea. Dirisha la kampuni ile lilikuwa limezimwa taa. Karatasi imebandikwa: huduma zimesitishwa hadi taarifa nyingine. Watu wanapiga kelele na hakuna wa kupigiwa kelele. Dada mmoja mfagiaji akatuhurumia, akasema, "Hao wamekufa tangu jana, mzee." Hilo baba mdogo alilisikia vizuri.

Tulihangaika kutafuta ndege nyingine, hatukuweza. Hela yote ilikuwa kwenye ile tiketi, na nani akukopeshe wakati huna hela inayorudi? Palikuwa na mwalimu mmoja wa kike aliyekata bima hiyohiyo kwa Binti Tiketi. Yeye alikopa palepale kwa shemeji yake, kesho yake akaondoka. Bima imemlipa juzi, tena baada ya kumsumbua na karatasi mpaka akatamani kulia. Sisemi bima ni mganga. Ninachosema ni kwamba mwalimu alifika.

Tarehe 21 Juni baba yangu alifariki dunia. Amezikwa hukohuko na wenzake wa kazini. Nesi aliniambia kwamba kila mlango ulipofunguliwa alikuwa anauliza kama ni mdogo wake. Hilo sijamwambia baba mdogo, na kama maelezo haya yatasomwa mbele yake, naomba sentensi hiyo irukwe.

Jana tarehe 1 Julai, Binti Tiketi alikamatwa mbele ya wateja wangu. Nimeelezwa malalamiko ni kwamba alimdanganya baba mdogo kuwa bima inalipa mtu akifa tu, ndiyo maana mzee akaikataa. Hakumdanganya. Afande ameniuliza, kama alitaja kampuni kufa, si alijua itakufa? Jamani! Huyo binti humwambia hivyo kila anayepanda kampuni mpya. Hata mimi nilipofungua saluni aliniuliza ikifa nitafanya nini, nikamnunia siku mbili. Tena mama yake mzazi alikuwa na tiketi ya kampuni hiyohiyo, alikuwa asafiri mwezi huu. Nani amkatie mama yake tiketi ya kampuni anayojua ni maiti?

Mtoto wake wa miezi mitano nimelala naye mimi. Amekataa chupa, amelia mpaka sauti imekauka. Hapa ninapozungumza yuko mgongoni kwangu, na mama yake yuko nyuma ya mlango ule. Roho inaniuma, afande, siwezi kusema vingine.

Mama mdogo alinisimamisha uani asubuhi hii akaniambia, "Damu nzito kuliko maji, mwanangu, kaa kimya." Nimemjibu kwa heshima kwamba aliyekufa ni baba yangu. Kama kuna mtu mwenye haki ya kutafuta wa kumlaumu, ni mimi, na mimi simlaumu huyu binti.

Wala baba mdogo si mwongo. Aliyoyasema hapa kituoni ndiyo aliyoyasikia. Wiki nzima alikuwa halali kwa kuhofia kaka yake atakufa, na neno likamkuta na hofu hiyo. Naomba mniandikie hivyo, asije akaonekana mtu mbaya.

Nimesema niliyoyasikia kwa masikio yangu mawili, sikuongeza chumvi. Haya ndiyo maelezo yangu, na popote nitakapoitwa nitayarudia vilevile.

Sahihi ya shahidi: (ametia sahihi)

Maelezo ya askari: Nimeyaandika mimi, koplo wa zamu, nikamsomea shahidi, akakubali kuwa ndivyo alivyosema. Mlalamikaji, aliyekuwa kwenye benchi la nje, aliomba naye asomewe. Nilimsomea kwa sauti nikiwa upande wake wa kushoto, nikiruka sentensi moja kama ilivyoombwa. Kisha aliomba kufuta malalamiko yake, na kwamba mtuhumiwa atolewe kwanza akanyonyeshe, kazi ya kuandika ifuate. Nilimwambia kuwa ni lazima niandike sababu ya kufuta. Akasema, "Andika masikio." Nimeandika.